Fildi na utafiti wa mwaka wa tatu: Kigoma au Tabora?

Shahada ya anthropolojia mara nyingi haikwami darasani. Kozi za darasani zina mwalimu, ratiba na mitihani. Ukifeli unasapu, yaani unarudia mtihani; ikishindikana unakeri, yaani unaibeba kozi, mwakani unaimaliza. Kinachowafanya watu wakae na wageni siku ya mahafali ya wenzao ni kazi mbili zinazofanyika nje ya chuo: mafunzo ya fildi na ripoti ya utafiti. Zote mbili zinaanza na swali la mahali. Na kwa mwanafunzi mwenye kwao upande wa magharibi, au aliyesoma habari za Ujiji ya Kigoma na Unyanyembe ya Tabora akavutika, swali huwa lile lile: niende Kigoma au Tabora?

Nitangulize jibu, sababu zifuate. Ukitaka kumaliza kwa wakati bila kuhangaika, nenda Tabora. Ukiwa unasikia Kiha, au unatafuta mada ya kuendelea nayo mpaka shahada ya pili, nenda Kigoma. Ila usiende Kigoma kwa ajili ya sokwe wala kambi za wakimbizi, hata kama hizo ndizo zilizokufanya uufikirie mkoa huo.

Kwanza, shahada yenyewe inadai nini

Kwa utaratibu wa vyuo vya Tanzania, shahada ya miaka mitatu ni krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Saa hizo si za kukaa mbele ya mhadhiri tu. Kusoma peke yako, semina, insha na kukaa kijijini ukiandika daftari, vyote vimo. GPA ya mwisho, yaani wastani wa alama, isishuke chini ya 2.0. Kuanzia 2.7 ni daraja la pili la chini, 3.5 daraja la pili la juu, na 4.4 kwenda juu ni daraja la kwanza. Wanaosoma anthropolojia nchini wengi huisoma pamoja na sosholojia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sosholojia na Anthropolojia, majina mawili chini ya paa moja. Kwa hiyo usishangae cheti kikisema sosholojia huku ripoti yako yote ikiwa ya koo, mahari na matambiko.

Nalisema hili kwa sababu wanafunzi wengi hufungua kurasa za vyuo vya Marekani, wakakuta "krediti 120" na kudhani ni shahada ya mwaka mmoja. Kule 120 ndiyo shahada nzima, miaka minne, na anthropolojia yenyewe inachukua kama theluthi ya hizo. Zinazobaki ni kozi za jumla, na mara nyingi lugha ya kigeni. Wanataka pia uonje matawi yote manne: utamaduni, biolojia ya binadamu, akiolojia na isimu. Tasnifu ya mwisho, katika vyuo vingi vya kule, ni ya anayetafuta heshima ya ziada. Uingereza ni karibu na kwetu, miaka mitatu na krediti 360, na mwaka wa mwisho tasnifu ndiyo uti wa mgongo. Kama una mpango wa kuombea shahada ya pili huko, ripoti yako ya mwaka wa tatu ndiyo watakayotaka kuisoma. Basi ichague kwa akili.

Fildi na utafiti ni vitu viwili. Fildi unapangiwa ofisi, mara nyingi idara ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, ustawi wa jamii au shirika. Unajaza kitabu cha kumbukumbu, msimamizi wa ofisini anasaini, mhadhiri anapita kukukagua. Utafiti ni wako: swali lako, takwimu zako, na jina lako kwenye jalada. Vyuo vinatofautiana. Kwingine utafiti ni lazima, kwingine ni kozi ya kuchagua. Kwingine fildi ina alama, kwingine ni kufaulu au kutofaulu. Isome prospektasi ya chuo chako, ya mwaka ulioingia wewe, siyo ya mdogo wako.

Wengi huunganisha safari: fildi kwenye halmashauri, jioni na wikiendi data za utafiti katika kata zile zile. Inaokoa nauli, lakini ina mtego wake. Ukizunguka mtaani na afisa maendeleo anayefuatilia mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya akina mama, kesho ukirudi peke yako na daftari kuuliza habari za ndoa, utajibiwa kama mtu mwenye mkopo mkononi. Kila kaya itakuwa na shida, kila mume atakuwa hasaidii. Ukiunganisha, basi kata ya ofisi na kata ya utafiti ziwe tofauti.

Vibali: hapa ndipo Tabora inapoongoza kwa mbali

Mlolongo wa kawaida ni mmoja popote nchini. Chuo kinakupa barua ya utambulisho, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa mkoa, anakuandikia kwenda wilayani, wilaya kwenda kata, na mwisho unakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mtendaji wa kijiji ukimngoja atoke shambani. Toa nakala nyingi za kila barua kabla hujatoka mjini. Mtendaji atabaki na moja, mwenyekiti wa kitongoji ataomba yake, na steshenari ya karibu huenda iko umbali wa saa nzima kwa bodaboda.

Tabora mlolongo huo unaishia hapo kwa karibu mada zote za mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui, Nzega, Igunga: kijiji ni kijiji, barua ni barua.

Kigoma kuna malango mengine. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ipo tangu 1996, na kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Barua ya chuo haitoshi. Nimewahi kusoma pendekezo la mwanafunzi aliyepanga kuhoji wanandoa wa kambini kwa wiki sita. Ratiba yake haikuwa na hata siku moja ya kusubiri kibali. Na tuseme kibali kimetoka. Watu wa kambini wamehojiwa na kila shirika, maisha yao yanategemea majibu wanayotoa, na mtoto wa miaka 22 mwenye dodoso hawezi kuwapa kitu wala kuwalinda. Liisa Malkki, aliyewatafiti wakimbizi wa Kihutu kutoka Burundi katikati ya miaka ya 1980, alikaa takriban mwaka, akilinganisha waliokuwa makazi ya Mishamo na waliojichanganya Kigoma mjini. Aliona wa makazini wanaishikilia historia yao kama taifa lililo uhamishoni, wa mjini wanaificha. Hao wa mjini waliokuwa wanaificha, wewe utawatafuta kwa njia gani bila kuwaumbua?

Sokwe nao. Gombe ina jina tangu Jane Goodall alipofika Julai 1960, na Mahale tangu Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walipoanza kazi mwaka 1965. Zote mbili sasa ni hifadhi za taifa, Gombe tangu 1968 na Mahale tangu 1985. Utafiti wa wanyamapori una vibali vyake, kupitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na hauendani na kalenda ya mwanafunzi wa miezi miwili. Anayependa eneo lile aangalie watu wanaopakana na hifadhi. Kijiji cha Mwamgongo kiko kando ya Gombe, na mradi wa TACARE ulioanza 1994 umepita vijiji vya huko na habari za misitu na matumizi ya ardhi. Swali zuri liko hapo: mipaka ya ardhi ilipangwa na nani, na mzee wa ukoo anaielezaje mipaka hiyo hiyo? Kwa hilo unahitaji mtendaji, boti ya kutoka Kibirizi na uvumilivu wa mawimbi.

Malikale tumalize haraka. Uvinza ina historia ndefu ya kuchemsha chumvi, Ujiji na Kwihara zina makumbusho ya Livingstone. Kuchimba hata futi moja kunataka leseni ya mambo ya kale. Kama husomi akiolojia, achana na jembe. Hoji watu wanaosimulia, uandike wanavyosimulia.

Kalenda inaamua zaidi ya unavyodhani

Likizo ndefu ya vyuo huangukia karibu Julai hadi Oktoba. Weka mada yako juu ya miezi hiyo uone kama inakaa.

Mada ya kwanza inayomjia kila anayekwenda Kigoma ni uvuvi. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazopakana na ziwa ili samaki wazaliane. Mwanafunzi aliyefika Julai na pendekezo la "mgawanyo wa kazi katika boti za dagaa" alikuta boti zimepandishwa mchangani. Kabla ya kuandika sura ya kwanza, uliza ofisi ya uvuvi kama mwaka huo ziwa litafungwa. Likifungwa usihame: kufungwa kwenyewe ni mada, tena nzuri kuliko ile ya awali. Nani anakopa kwa nani, vijana wa boti wanakwenda wapi, mchuuzi wa migebuka anauza nini.

Ziwa likiwa wazi bado kuna mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanapumzika. Wiki ya mbalamwezi ndiyo wiki yako ya mahojiano na wanaume. Kwa wanawake hesabu ni ya saa. Alfajiri mwaloni Kibirizi au Katonga, boti zinaingia, akina mama wamepanga mabeseni, bei inapatikana ndani ya dakika chache na kila mtu ni mkali. Ukimsogelea mmoja ukamuuliza alianzaje biashara, atakuangalia kama mwendawazimu. Ngoja mpaka saa nne, dagaa wameshaanikwa, jua linafanya kazi. Mama yule yule amekaa kivulini anafukuza ndege, mara moja moja anainuka kugeuza, na hana pa kwenda kwa saa mbili. Kaa chini, saidia kugeuza. Hapo utapata ukurasa mmoja wa daftari wenye thamani kuliko madodoso ishirini.

Tabora kalenda inakupendelea. Tumbaku inapandwa mvua zikianza, inachumwa na kukaushwa mwanzoni mwa mwaka, masoko yanafuata miezi ya kiangazi. Unachokosa ni usiku wa mabanini, kwenye vibanda vya kukaushia tumbaku, moto unaposimamiwa mpaka asubuhi na watu wanakesha wakizungumza. Wakati huo wewe uko kwenye mitihani. Unachopata ni soko. Mkulima ameleta marobota yake ghala la AMCOS, chama chao cha ushirika, anangoja klasifaya, mpimaji wa ubora, apange madaraja, anangoja malipo, na katika kungoja huko anaeleza hesabu nzima ya msimu: pembejeo za mkopo, kuni, vibarua, na mke gani alichuma shamba gani. Hilo la mwisho ndilo la anthropolojia. Hayo mengine mwachie mwanauchumi. Wafugaji wa nyuki nao ukiwapata wamepumzika baada ya kurina, watakueleza umiliki wa mizinga porini, ambao haufuati mipaka ya shamba la mtu yeyote.

Lugha, na nani atakutafsiria

Mjini kote kuwili Kiswahili kinatosha, na ni Kiswahili kikongwe, cha enzi za misafara. Wamanyema waliotoka Kongo wana mitaa yao Ujiji na Tabora pia, na udugu wa tarika ya Kadiria umeacha alama katika miji yote miwili. Mwanafunzi asiye na lugha ya kijijini anaweza kufanya kazi safi kabisa mjini, juu ya harusi, ngoma au maulidi, bila mkalimani.

Vijijini mambo yanabadilika. Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko ni Kiha, na Kiha hakidokolewi. Salamu yenyewe ni shughuli. Watu wazima hupiga makofi taratibu huku wakiulizana habari za nyumba, na anayekatiza salamu amekwisha kujieleza ni mtu wa aina gani. Bila Kiha utategemea mkalimani, na mkalimani wa kijijini ana shangazi, ana kesi ya shamba, ana upande. Uyui au Sikonge mzee wa Kinyamwezi atakuchanganyia lugha mbili kwa hiari, na mwangaluka yako ya asubuhi, hata ukiitamka vibaya, itakufungulia mlango. Ukielekea Igunga na Nzega jiandae na Kisukuma cha wafugaji.

Watu huniuliza kama ni vizuri kutafiti kijijini kwenu. Lugha unayo na malazi ya bure. Lakini mwana wa fulani hawezi kumuuliza shemeji ya baba yake kuhusu mahari akajibiwa kama mgeni anavyojibiwa, na mengine ukishayasikia huwezi kuyaandika. Mimi hupendekeza wilaya ya jirani: lugha ile ile, ukoo mwingine.

Mada na wasimamizi

Msimamizi atakuuliza nani ameandika kabla yako. Kwa Unyamwezi una pa kushika. R. G. Abrahams wa Cambridge alikaa huko mwishoni mwa miaka ya 1950 akaandika juu ya watemi na utawala, kisha akaandika tena juu ya sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma. Kijana wa leo anaweza kwenda Nzega akauliza sungusungu wamebaki na kazi gani sasa kuna polisi jamii na simu kila mfukoni. Swali ni dogo, lina historia, na ripoti ya kurasa hamsini inalibeba. Tahadhari moja: mazungumzo ya sungusungu yanateleza haraka kwenye uchawi na vikongwe waliouawa. Majina usiandike, hata kwenye daftari. Tumia alama unazozijua wewe tu.

Kigoma ina mada nyingi zaidi na walioandika wachache zaidi, ukiondoa sokwe na wakimbizi. Mawese, kwa mfano: mchikichi wa babu unarithiwaje, na mtoto wa kike ana haki gani juu ya mti uliosimama kwenye shamba la kaka yake? Pita Mwandiga uone madumu yalivyopangwa, uulize kila dumu limetoka kwenye miti ya nani. Ugumu ni kwamba sura yako ya mapitio ya maandiko itakuwa nyembamba, na msimamizi mwenye haraka hukwepa sura nyembamba. Ukipata msimamizi anayeipenda mada, shika.

Nauli na mfuko

Reli ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na mpaka leo anayetoka Dar es Salaam anafika Tabora kwanza. Kwa anayetegemea fedha ya fildi, ambayo ikichelewa unaishi kwa mikopo ya wenzako, siku moja ya safari ni pesa ya chakula. Ndani ya mkoa, Kigoma inakula zaidi: vijiji vya ziwani unafuata kwa boti, na boti haina ratiba ya mwanafunzi. Tabora ni tambarare, bodaboda inafika, ingawa mapori ya Sikonge na Kaliua ni marefu kuliko yanavyoonekana kwenye ramani.

Anayeshindwa kabisa kuchagua, kuna mada inayokaa mikoa yote miwili. Kila msimu vijana wa Kiha hutoka Kasulu na Kibondo kwenda kuwa vibarua kwenye tumbaku ya Urambo na Kaliua, kama babu zao walivyokwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Wanakubaliana malipo vipi, wanalala wapi, nani anawaozesha wanaobaki huko? Mwezi mmoja Kaliua kwa mwajiri, wiki mbili Kasulu kwa mama zao. Utahitaji barua za mikoa miwili, kwa hiyo anza kuziomba semista ya pili kabla ya mitihani, na uandike kwenye pendekezo ni mkoa upi utabaki nao kama barua ya pili haikutoka.